Mkwe Katika Shimo la Mnara

Shangazi Zenzi hakumwamini mtu anayebisha hodi. Alisema anayebisha anataka kwanza kujua kama mwenye nyumba yupo. Anayeingia bila kubisha hakumwamini hata kidogo. Kwa hiyo hapakuwa na namna ya kufika kwake ukahesabiwa mtu mwema, na mimi niliyeishi naye ukuta kwa ukuta tangu nilipoolewa hapa mjini Altenrain niliacha kujaribu mapema.

Jina lake la kanisani lilikuwa Kreszenz Obermaier. Alikuwa shangazi wa mume wangu Benno, mwoka mikate, na ndiye aliyeshika ufunguo wa Mnara wa Njaa kama baba yake alivyoushika. Wageni waliotaka kuuona mnara walimkuta amekaa mlangoni na ufunguo umelala mapajani, mkubwa kama mwiko wa ugali. Aliwatazama viatu kwanza, kisha mikono, na uso wa mwisho. Akishawaingiza aliwapandisha, akawaonyesha pingu, akawaonyesha kinyago cha chuma chenye masikio ya punda walichovishwa wambeya wa zamani, na muda wote alitembea nyuma yao. Hajawahi kumwongoza mgeni kwa kutangulia. "Nimpe mgongo mtu nisiyemjua?" aliniuliza siku moja, kama vile mimi ndiye niliyepoteza akili.

Chini kabisa ya mnara kuna shimo. Halina mlango. Kuna tundu kwenye sakafu, unashushwa kwa ngazi, na ukishafika chini ngazi ni ya aliye juu. Humo waliwekwa wezi, na waliodhaniwa wezi, na kwa kweli hawa wa pili walikuwa wengi kuliko wale wa kwanza. Mwanga unaingia kwa kidirisha kimoja chembamba kinachotokea nje, chini kabisa ya ukuta, katika handaki la zamani ambalo siku hizi ni kavu na limeota majani.

Shimo hilo ndilo Zenzi alilowapimia wakwe. Kila aliyetaka kuoa au kuolewa katika ukoo wa Obermaier alialikwa kutembelea mnara, akateremshwa, na Zenzi akainama juu ya tundu akamuuliza swali moja: "Umekuja kuchukua nini hapa kwetu?" Hata mimi nilishushwa, nimetoka Korogwe juzi tu, meno yanagongana kwa baridi. Nikamjibu, "Kwa sasa, Shangazi, nachukua mafua." Akateremsha ngazi. Lakini hakuacha kuniita mke wa Benno, kana kwamba jina langu ni kitu ambacho angekuja kunidai kama ningeondoka nacho.

Msimwone mchawi. Kuna mtu alimfundisha. Alikuwa na binti mmoja, Rosa, na akaja mwuza mashine za kushonea, kijana mcheshi, akatembelea mnara kama mgeni yeyote. Akacheka, akasifu supu, akala kwa Zenzi majira mazima ya baridi, akamuoa Rosa. Vroni, mtoto wao, alipoanza kutambaa yule bwana akaondoka bila kuaga, Rosa akamfuata kumtafuta, na tangu hapo Rosa ni kadi ya Krismasi. Vroni akalelewa na bibi yake. Zenzi alimfunga kamba za viatu, alimpeleka shule kwa mkono, alimtoa chawa. Alichokihofia duniani kilikuwa kimoja tu: kwamba atakuja mwingine mcheshi, atakula supu, na Vroni naye atakuwa kadi.

Sasa fikiria Vroni, mtu mzima, muuguzi, anatamka mezani kwamba amepata mchumba, anaitwa Korbinian, ni seremala, na anatoka Moosried.

Moosried ng'ambo ya mto! Na ulikuwa mwezi wa Aprili!

Sisi huku tuna mlingoti wa Mei. Kila mji hukata msonobari mrefu, unaumenya, unaupaka rangi nyeupe na buluu, na siku ya kwanza ya Mei unausimamisha sokoni. Kabla ya siku hiyo mlingoti hulazwa mafichoni, kwa sababu majirani wana haki ya kuuiba. Nasema haki, si kosa. Wakifanikiwa kuuvusha mpaka, unawafuata kwao kwa unyenyekevu, unawanywesha bia na kuwalisha nyama mpaka wakurudishie, nao watakuimbia nyimbo za dhihaka miaka kumi. Kinga ni moja tu. Mtu wa mji akiuwekea mkono mlingoti kabla haujavuka mpaka, akatamka, "Mlingoti huu unabaki," umebaki. Wezi wanavua kofia, wanakwenda zao. Hakuna kupigana, na hakuna polisi. Kuna kijiji mlimani kiliwahi kuwaita polisi. Hadi leo watu wake wakiingia baa, wenzao wanawanyooshea mikono miwili pamoja kama waliotiwa pingu.

Mwaka ule mlingoti wetu ulilazwa handakini, umebanana na ukuta wa mnara, umefunikwa matawi. Vijana waliulinda usiku. Mchana ulilindwa na jicho la Zenzi kutoka dirisha la juu, na wazee wa mji walilala usingizi mzuri wakijua hilo, maana jicho lile halikuwahi kumkosa hata paka.

"Amekuja kwa ajili ya mlingoti," Zenzi alisema. Alisema hivyo dukani kwetu, mbele ya wateja, huku akiminya mkate mmoja mmoja kuona kama Benno hajampunja kwa kutia hewa.

"Bibi, tumejuana tangu Oktoba," Vroni alimjibu. "Oktoba hata msonobari wenyewe ulikuwa bado msituni."

"Ndiyo. Mwizi hodari huanza mapema."

"Ananipenda!"

"Babako naye alimpenda mamako. Alisifu na supu yangu." Zenzi akauweka mkate chini. "Huyu wako amesifu?"

Vroni akaanza kupanga mikate upya. Nikajua amesifu.

"Mh," akasema Zenzi. "Kikulacho ki nguoni mwako."

Vroni si mtu wa kupiga kelele. Alivua aproni aliyokuwa amevaa kunisaidia, akaikunja, akaiweka kaunta. "Nisikilize, Bibi. Ukimfukuza Korbinian kama ulivyomfukuza yule mwalimu, na kama ulivyomfukuza Hannes wa posta, sitalia tena jikoni kwako. Nitafunga sanduku. Na kadi sitaleta."

Alitoka. Zenzi alibaki amesimama na mkono juu ya mkate, na kwa mara ya kwanza nikamwona amezeeka. Nilimhurumia. Kisha akaniambia, "Wewe mke wa Benno umeongeza maji kwenye unga," na huruma ikapungua.

Basi akakubali. Korbinian aje Jumapili mchana, auone mnara kama wakwe wengine, kisha wote wale nyumbani kwake. Vroni akabaki jikoni na madonge ya viazi na mguu wa nguruwe ulio tanurini, kwa sababu Zenzi alisema madonge hayachemki yenyewe. Mimi nikatakiwa nishike taa. "Na uwe shahidi," aliongeza. Shahidi wa nini, hakusema.

Korbinian alikuja amevaa suruali fupi ya ngozi ya Jumapili na koti la kijivu, ana mabega ya mtu anayebeba mbao na masikio yaliyomtoka kidogo. Zenzi alimtazama viatu.

"Habari za leo, Bibi."

"Una tope," Zenzi akamwambia. "Tope la kandokando ya mto."

"Nimevuka mto, Bibi. Natoka ng'ambo."

"Unakubali basi."

Kijana alinitazama, nami nikatazama taa. Tukapanda, yeye mbele, Zenzi nyuma yake, mimi nyuma kabisa nikitembea kama mtu wa maziko. Katika chumba cha pingu Zenzi alimwonyesha kinyago cha punda akamwambia kilivishwa wambeya, na kwamba adhabu ya wapelelezi ilikuwa nyingine, mbaya zaidi, haionyeshwi wageni. Korbinian akauliza kwa heshima ilikuwa ipi. Zenzi akasema, "Unataka kujua mengi."

Chumba cha juu kina madirisha mawili, moja la sokoni na moja la handakini. Kiti cha Zenzi kilikuwa kwenye dirisha la handakini, na blanketi lake la miguu, na chupa yake ya chai. Korbinian aliingia, akaangalia kiti, akaangalia dirisha, kisha akageuka haraka mno akaenda kulitazama soko. Alisifu soko. Alisifu mnara wa kanisa. Alisifu hata njiwa.

Zenzi alinibana kiwiko. "Umeona?" alininong'oneza. "Handaki halitazami. Mtu asiyelijua angelitazama."

Na kusema kweli, ndugu zangu, mimi pia niliona. Mtu mwenye moyo mweupe huchungulia kila dirisha. Nikaanza kumtazama kijana yule kwa jicho jingine, nikaona masikio yake yamekuwa mekundu, na mikono haijui iende wapi. Wasiwasi ni kama upele, ukikaa na mwenye nao utajikuna.

Tukateremka hadi kwenye tundu. Zenzi alisogeza mfuniko kwa mguu, akaelekeza kidole. "Mkwe hushuka."

"Vroni aliniambia," akasema Korbinian, akatabasamu kidogo, akashuka. Tulisikia viatu vyake vikigusa chini. Zenzi akapiga magoti, kwa shida, akainama.

"Umekuja kuchukua nini hapa kwetu?"

"Vroni," sauti ikajibu mara moja.

"Vroni peke yake?"

Hapo ndipo palipoharibika. Kama angesema ndiyo, tungekula nguruwe wetu kwa amani. Lakini Korbinian alinyamaza. Alinyamaza kama mtoto uliyemwuliza nani amekula sukari.

"Bibi," akasema mwishowe, "kuna jambo ningependa tuliongee nikiwa juu."

Zenzi alivuta ngazi.

Alikuwa mwanamke mzee mwenye magoti mabovu, lakini ngazi ile ilipanda kama imeshikwa na wanaume wawili. Akailaza sakafuni, akaupiga mfuniko teke ukajifunga.

"Shangazi!" nikasema. "Umefanya nini?"

"Nimekamata mwizi kabla hajaiba. Baba yangu alisema hao ndio bora."

"Ni mchumba wa mjukuu wako! Mshushie ngazi!"

"Atakaa mpaka vijana waamke. Watamhoji wenyewe. Twende, unipe kahawa." Akafunga mlango mkubwa wa mnara, ufunguo ukaingia mfuko wa aproni, na mkono wake ukabaki humo humo mfukoni.

Ningefanyaje? Ningempora bibi kizee ufunguo Jumapili mchana, mbele ya kanisa? Nilimpeleka dukani, nikamwekea kahawa na kipande cha keki ya plamu, nikamsihi kwa Mungu na kwa watakatifu wake wote. Alikula vizuri sana. Sijamwona akila kwa raha vile tangu nimjue. Soko lilikuwa tupu, watu wote wakiwa mezani na mapazia yamevutwa, na vijana walinzi wakikoroma majumbani. Aliniambia kwamba usiku ule angelala kwa mara ya kwanza tangu Vroni alipotaja Moosried, na akaomba kipande cha pili. Nilikuwa nakikata nilipotambua kwamba mlinzi wa mchana wa Altenrain alikuwa amekaa kwenye meza yangu.

"Shangazi," nikasema, "nani yuko dirishani?"

Kijiko kikasimama.

Kabla hajajibu, Vroni aliingia na mvuke wa jikoni usoni. "Korbinian yuko wapi? Madonge yanapasuka." Akamtazama bibi yake, akanitazama mimi, na mimi nimeshindwa kila mara kuficha uso wangu. "Bibi. Yuko wapi?"

Ndipo tukasikia sauti, upande wa pili wa ukuta wa mji. Trekta kwanza. Kisha mtu anapaza sauti kwa nguvu zote, sauti ya kutoka ndani ya jiwe.

Tulikimbia, Zenzi katikati yetu, kila mmoja amemshika upande mmoja, akitutukana kwamba tunamchelewesha. Tulipotokea handakini nikaona watu wa Moosried, kundi zima, na trekta yenye magurudumu ya kuburuzia magogo. Matawi yote yalikuwa yametupwa kando. Mlingoti wetu ulikuwa uchi, mweupe na buluu, kamba zimeshapitishwa chini yake. Lakini hawakuwa wakiuinua. Walikuwa wamesimama wanatazama ukuta.

Kutoka katika kidirisha cha shimo, chini kabisa, palikuwa pametokea mkono. Mkono mtupu, hadi begani, koti limevuliwa, ngozi imechubuka kwenye jiwe na damu inatiririka hadi kiwikoni. Na kiganja kilikuwa juu ya mlingoti.

"Mlingoti huu unabaki!" ukuta ukasema.

Aliyekuwa mbele ya kundi alikuwa mtu mpana mwenye masikio yaliyomtoka kama ya Korbinian. Xaver, kaka yake mkubwa. Alikuwa amechuchumaa mbele ya kidirisha.

"Toa mkono, mjinga we. Watu wanasubiri."

"Sitoi."

"We Korbinian! Umerogwa? Huu ni mlingoti wa Altenrain!"

"Najua ni wa nani. Ndiyo maana unabaki."

Wenzake wakaanza kucheka, kicheko kisicho na raha. Mmoja akasema, "Mkono wa Moosried hauhesabiki. Sheria inataka mtu wa mji." Mwingine akasema, "Si ndiyo? Inueni!" Lakini hakuna aliyeinua, kwa sababu mkono ulikuwa pale, na katika mambo haya hakuna mtu anayetaka kuwa wa kwanza kuvunja sheria.

Xaver akasimama, akatuona. Alimvulia Zenzi kofia, maana hata adui huvuliwa kofia Jumapili. "Bibi Obermaier. Shauri ni lako. Huyu tumemzaa sisi na kumnyonyesha sisi. Sasa anasema mlingoti unabaki. Sheria iko wazi, anayelinda ni mtu wa mji, au mtu wa nyumba ya mji. Mwenye nyumba ndiye husema. Je, huyu ni wenu?"

Zenzi alishika ufunguo mfukoni.

"Kama si wenu," Xaver akaendelea, "asogee, sisi tuende zetu, na nyinyi mtuletee bia. Kama ni wenu..." Akatema mate pembeni, kama anayemtemea mtu asiyekuwapo. "Kama ni wenu mchukueni jumla. Baba hatamfungulia mlango tena. Umesikia huko ndani, Korbinian?"

"Nimesikia," mkono ukasema. Haukusogea.

Vroni alikuwa amemgeukia bibi yake. Alisema kwa sauti ndogo, na hiyo ndiyo iliyonitisha. "Umemfungia, Bibi? Umemfungia kwenye shimo?"

Nilimtazama Zenzi usoni. Najua alichokuwa akiwaza kwa sababu miaka yote nimesikia akikiwaza kwa sauti. Huenda ni hila. Huenda ndugu hawa wawili wamepanga, ili huyu apate kuingia nyumbani, akae mezani, asifu supu. Mtego ndani ya mtego. Alifinya macho akautazama ule mkono, kama anavyotazama viatu vya wageni, akitafuta tope. Vidole vilikuwa vimeanza kuwa vyeupe. Mkono wa mtu ukibanwa begani na jiwe namna ile hufa ganzi, na alikuwa akiushikilia kwa ukaidi tu.

Kanisa likapiga kengele. Hakuna aliyesogea.

"Ni wangu," Zenzi akasema.

"Sema vizuri, Bibi. Watu wote wasikie."

"Ni mkwe wangu!" akafoka. "Mtu wa nyumba yangu! Chakula chake kinaharibika mezani sasa hivi, na nyie mmesimama hapa na mabuti yenu mnanikanyagia majani! Tokeni!"

Wakavua kofia wote. Walifungua kamba taratibu, wakazikunja, wakapanda trekta yao. Xaver alikuwa wa mwisho. Alipita karibu na kidirisha, nikadhani atasema neno, lakini aligusa tu ule mkono kwa ncha ya kiatu, si kwa nguvu, akaenda.

Zenzi mwenyewe ndiye aliyeteremsha ngazi. Alitufukuza mimi na Vroni nyuma, akaishika mpaka kijana alipotoa kichwa. Begani alikuwa nyama tupu. Vroni alimkumbatia, na kumkagua, na kumlilia, na kumsema, vyote kwa pamoja kama wafanyavyo wauguzi. Zenzi alisubiri zamu yake. Aliifunga ile aproni yake begani kwa kijana, akaikaza mno.

"Ulijua watakuja leo," akamwambia.

Korbinian alimtazama. "Nilijua."

"Ehe!" Zenzi akanigeukia. "Nilisema!"

"Ndilo nililotaka kukuambia nikiwa juu, Bibi. Sikutaka kumsaliti kaka yangu. Na kwako nisingeweza kukaa kula nimeficha jambo. Nimekosa usingizi wiki nzima."

"Nani aliwaambia mlingoti uko handakini? Wewe."

"Hapana."

"Nani basi?"

Kijana alisita, masikio yakawa mekundu tena. "Wewe, Bibi. Miaka yote kiti chako kiko dirisha la sokoni. Tunakuona tukija mnadani. Mwaka huu ukakihamishia dirisha la handakini. Moosried nzima tulijua tangu wiki ya kwanza. Walikuwa wanasubiri tu siku kiti kitakapokuwa kitupu."

Zenzi akatazama juu kwenye ngazi za mnara, kule kiti chake kilikokuwa. Mimi nilitoka nje. Kuna kicheko ambacho ukikiachia mbele ya mwenyewe ni dhambi.

Chakula tulikula. Madonge yalikuwa yamekuwa uji. Korbinian hakusifu kitu, na nadhani hilo ndilo lililomsaidia.

Lakini maneno ya Xaver hayakuwa ya mzaha. Baba yao alikuwa ndiye mkuu wa chama cha mlingoti cha Moosried, na mtoto wake alikuwa amewaharibia mbele ya macho yao wenyewe. Mwezi wa Mei ulipita, mlingoti wetu umesimama sokoni, bendi imepiga, na Korbinian akalala katika karakana yake juu ya taka za randa kwa sababu kwao mlango ulifungwa kweli. Vroni alipeleka kadi za harusi ng'ambo ya mto kwa mkono wake. Zilipokelewa dirishani. Zenzi naye hakumpa chumba kabla ya ndoa, na alipomwalika kula alihesabu vijiko baada ya kuondoka kwake. Nilimwona kwa macho yangu.

Harusi ilikuwa Juni. Kanisani kwetu wa bibi harusi hukaa kushoto, wa bwana harusi kulia, na kila mtu anajua mahali pake tangu kubatizwa. Kushoto tulijaa mpaka watoto wakapakatwa. Kulia palikuwa patupu. Mabenchi yote yale, yamepigwa dawa ya mbao, yanang'aa, na kwenye benchi la mbele mwanamke mmoja mdogo mwenye kofia ya kijani: mama yake Korbinian, amekuja peke yake, kwa miguu, amevuka daraja. Alikuwa ameukaza uso. Korbinian alisimama mbele ya altare akitazama mlango, kisha akaacha kutazama.

Kinanda kikaanza. Hapo Zenzi, aliyekaa kando yangu mahali pa heshima pa bibi aliyemlea bibi harusi, akainuka. Nilidhani magoti yamemsumbua, nikanyoosha mkono nimshike. Akanipiga mkono ule.

"Sogea, Tunu," akaniambia. "Nipishe."

Alivuka njia ya katikati mbele ya kanisa zima, polepole, fimbo inagonga mawe. Akafika upande wa kulia. Akakaa benchi la mbele, ubavuni mwa yule mwanamke mwenye kofia ya kijani, mbali na sisi wote. Hakumsalimu. Alikaa tu pale, upande wa mkwe wake, mgongo umenyooka, na mkoba ameukumbatia kifuani kwa mikono miwili, asije mtu akamwibia.